Chubwi kung'ang'ania kwenye kalibu: paka masizi, si mafuta

Ndugu yangu, umesema chubwi, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, unazosubu hapo Likoni zinanata kwenye kalibu ya alumini unamozimimina, na zikitoka zina mikunjo na vishimo, nawe huipaka mafuta ya kupikia. Vishimo vinatokana na hayo mafuta. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mafuta yakikutana na joto hilo hugeuka moshi, nao ukikosa pa kutokea huacha matundu.

Isugue kalibu kwa sabuni ya vyombo na mswaki, ikauke kabisa, kisha ipitishe juu ya mshumaa hadi ndani pashike masizi membamba. Yakiwa mazito, umbo huharibika. Mafuta ni ya bawaba tu, tone moja. Mikunjo nayo mara nyingi ni kalibu baridi: ipashe moto kwanza, na chubwi mbili tatu za mwanzo zirudishe kwenye sufuria.

Ninaloliogopa zaidi ni maji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na tone moja chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukurushia madini usoni. Vaa miwani, glavu za ngozi na viatu vya kufunika. Risasi ya betri za gari iache kabisa. Yaweza kutoa gesi yenye sumu kali.

Fanyia kazi nje, mbali na watoto na wajawazito. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Ukianza kusokotwa na tumbo au kuumwa kichwa mara kwa mara, nenda hospitali ukaombe kupimwa risasi kwenye damu.