Kabla ya Kuongeza Busti, Itafute Hewa Inayokupotea

Subaru Forester yangu ni toleo la SG5 la turbo, gia za mkono, injini ya EJ205 ya lita mbili. Makaratasi yanasema ilitoka kiwandani Japani na nguvu farasi 220. Wiki ya kwanza niliyoimiliki, kwenye mpando wa kwenda Limuru, nilipitwa na Probox iliyojaa magunia ya viazi. Dereva wake hata hakunitazama.

Basi nikafanya wanachofanya wengi: nikakimbilia kununua. Fundi mmoja alinifungia kifaa cha kupandisha busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo husukuma kwenye injini, akazungusha kishikio kidogo kwa bisibisi, tukatoka kujaribu barabarani. Gari liliruka kweli. Wiki tatu baadaye likaanza kunguruma kwa kukwaruza likiwa limesimama, na silinda ya nne ikapimwa haina kompresheni. Injini ilipofunguliwa, ukingo wa pistoni unaoshikilia ringi ulikuwa umemeguka kama kona ya biskuti. Niliuweka ule mmeguko kwenye kisahani mezani kwangu, na bado upo.

Miezi minne ya kukusanya pesa za kuijenga upya injini ndiyo iliyonifundisha ninayoyaandika hapa.

Injini ya turbo inauza hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, hewa ndiyo shida. Dereva wa rali Colin McRae alipochukua Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, sheria za mashindano zililazimisha hewa yote ipite kwenye tundu la milimita 34 mbele ya turbo, na tundu hilo peke yake lilitosha kuyazuia magari yale yasipite sana farasi 300, hata wahandisi wangefanya uchawi gani. Kwa hiyo ukitaka nguvu, swali la kwanza ni hili: hewa yako inaishia wapi?

Yangu ilikuwa inaishia chini ya intakula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini. Tulikata kipande cha bomba la plastiki, tukaziba upande mmoja kwa kifuniko, tukatoboa na kuweka vali ya tairi. Bomba likachomekwa kwenye mdomo wa turbo na kukazwa kwa klampu, tukaunganisha pampu, tukajaza hewa polepole hadi karibu bar 1 injini ikiwa imezimwa. Halafu maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Mpira unaounganisha turbo na intakula ulikuwa na ufa upande wa chini, usioonekana hata ukiinama na tochi. Povu lilitoka hapo kama maziwa yanayofurika sufuria. Klampu mbili nazo zilikuwa zimelegea. Ina maana kila nilipokanyaga, sensa ilihesabu hewa ambayo haikufika kwenye silinda, petroli ikamwagwa kwa hesabu ile ya uongo, moshi mweusi ukatoka nyuma, na turbo ikajiua kuzunguka ili kufidia. Na mimi juu ya hayo nikaiongezea busti!

Mpira mpya na klampu nne. Hiyo ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kununua. Usiguse kitu kingine kabla ya jaribio hili, na ukimaliza upande wa presha, kagua pia mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kuingia turbo. Kwenye hizi Subaru umejificha chini ya manifoldi, unakauka na kupasuka, na ukipasuka hewa isiyohesabiwa inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli pungufu kwa hewa iliyopo. Huo ni hatari kuliko ule wa moshi mweusi.

Sasa kuna jambo ambalo wanaotushauri kutoka nchi za pwani na tambarare hawalifikirii. Saa ya busti husoma kile kilichozidi hewa ya nje. Mombasa hewa ya nje ni kama bar 1, Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ni kama 0.82. Saa ikisoma 0.9, turbo ya Mombasa imebana hewa karibu mara 1.9 na ya Nairobi imeibana mara 2.1, lakini injini ya Nairobi bado imepata hewa pungufu kwa kama asilimia 10. Yaani inafanya kazi zaidi kwa mshahara mdogo. Mtu akikwambia "weka 1.2, haina neno", muulize anaishi wapi. Turbo ndogo ya TD04 iliyo kwenye gari langu, ukiisukuma huko ukiwa Nairobi, inachokuletea zaidi ni joto.

Na joto ni adui mwenye adabu, halipigi kelele mpaka limeshaharibu. Hewa inayotoka kwenye turbo ikibanwa hivyo hupita nyuzi 100 kwa urahisi. Intakula inatakiwa kuipooza, ila ya Forester imelala juu kabisa ya injini, ikinusa kila joto linalopanda. Nikiwa kwenye foleni ya malori Mariakani nimewahi kufungua boneti nikashindwa kuishika. Ukitoka kwenye foleni hiyo na kukanyaga papo hapo, gari ni zito. Kilichonisaidia ni kidogo tu: kurudisha sponji za kuziba pembeni ya intakula, ambazo mwenye gari wa kwanza alizitupa, ili upepo wa tundu la boneti upite ndani yake badala ya kuizunguka. Na uvumilivu wa dakika mbili barabarani kabla ya kukanyaga.

Plagi nazo. Kuzibadilisha kwenye injini hii iliyolala ubavu ni adhabu, mikono inatoka na michubuko, ndiyo maana wengi huziacha hadi zichakae. Nafasi ya cheche ikipanuka, busti kubwa huipuliza cheche ikazimika na gari linashtuka-shtuka. Weka mpya, nafasi iwe ndogo, kama milimita 0.7.

Baada ya yote hayo ndipo nilipokwenda kutuni, yaani kuipanga upya, kompyuta ya injini, safari hii kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, na mwenye mashine akiwa na kipaza cha kusikiliza injini ikigonga, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 hivi, na super ya pampu zetu haifiki hapo. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kurudisha nyuma muda wa cheche, akaweka mchanganyiko wa hewa na petroli wa kama 11.3 kwa 1 kwenye busti kamili, na mwisho kabisa akapandisha busti kidogo. Eksozi pana baada ya turbo husaidia sana pia, lakini ifunge kabla ya kutuni, si baada. Turbo ikipumua vizuri nyuma, busti hupanda yenyewe kupita ulipoipanga.

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, na kijiti nakichomoa kila Jumamosi. EJ hunywa.

Mwezi uliopita nilipita tena mpando ule wa Limuru. Probox hazikuniona. Ila gia ya nne nikikanyaga, mizunguko inapanda na kasi haipandi, klachi inateleza. Fundi amenipigia hesabu, na kwa sasa naendesha kama mzee.