Usisubiri Mikumi, Anza na Mshubiri wa Nyumbani

Juzi niliweka picha ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, akivuta nyuzi za buibui, na tangu hapo meseji hazijakoma. Mdogo wangu mmoja wa Dodoma kaniandikia: "Kaka, sina lenzi kubwa wala nauli ya kwenda mbugani. Nifanyeje nipate picha kama ile?" Nikamjibu kwamba nimeipiga hatua sita kutoka mlango wa jikoni. Hakuamini.

Naishi Morogoro, chini ya Uluguru. Kuna chozi mmoja, chozi wa Loveridge, ambaye duniani kote haonekani ila kwenye milima hiyo, na watu hupanda ndege kuja kumtafuta. Miaka mitatu iliyopita nami nilikuwa na homa ya kwenda mbali. Nikakodi lenzi, nikaenda Mikumi siku moja, nikarudi na tembo wenye ukungu na deni. Mwezi huohuo nikapeleka picha zangu za wadudu kwa waandaaji wa maonyesho fulani. Mmoja akazipitisha harakaharaka kwa kidole, akasema, "Leta wanyama, hivi ni vidudu tu." Neno lile bado linaniuma. Kamera ikakaa kabatini miezi mingi.

Aliyenirudisha ni buibui mrukaji, yule mdogo asiyetega utando, anayevizia nzi ukutani. Nilimkuta kwenye ukingo wa tangi la maji. Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 tu, nikaigeuza mbele nyuma na kuishikilia kwa mkono kwenye mdomo wa kamera. Ukifanya hivyo inakuza ajabu, ila lazima usogee karibu sana, na ukipumua tu fokasi imepotea. Akageuka kunitazama. Yale macho mawili makubwa ya mbele yalikuwa ya kahawia, mara yakawa meusi tii. Baadaye nikajifunza kwamba ndani ya jicho lake retina husogea, na likiwa jeusi ndipo linapokuelekea wewe. Siku hizi sibonyezi mpaka liwe jeusi.

Kwa hiyo ndugu zangu, chagueni kichaka kimoja. Changu ni mshubiri kando ya uzio. Amka saa kumi na mbili, kabla jua halijawapasha wadudu joto; kereng'ende akiwa na baridi hutulia na umande wake mgongoni. Kwa ndege, jua liwe nyuma yako, kwa sababu chozi dume ukimpiga akiwa amelipa jua mgongo anatoka mweusi kama mkaa, na ile kijani yake inayowaka huioni kabisa. Kesho rudi palepale. Keshokutwa pia.

Wiki tano zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, nikimfuatilia buibui aliyetanda kati ya mshubiri na uzio. Chozi walishanizoea, wakawa wanakuja kunyonya maua kana kwamba sipo. Asubuhi hiyo jike akatua, asiguse ua hata moja. Akashika uzi wa utando, akarudi nyuma, akavuta mpaka ukamzonga mdomo. Alikuwa anafungia kiota. Nikabadili lenzi, nikaweka ile ya mtumba ya milimita 200, nikapiga tatu. Mbili zimetikisika. Ya tatu ndiyo mliyoiona.

Na hapa nawasihi jamani: acheni kupuliza dawa kila kona ya nyumba, na ule ufagio wa kufagia kila utando chini ya paa uwekeni chini. Ukimwua buibui, chozi atafunga kiota kwa kitu gani? Unalalamika huna cha kupiga, na mwenyewe umekimaliza kwa kopo la dawa!

Kiota kipo kwenye mwembe wa jirani. Mwanzoni mama huyo alikuja juu, akitaka kujua kwa nini naelekeza kamera kwake. Nikamwonyesha picha kwenye kioo, akaitazama kimya muda mrefu. Jana asubuhi kaniita kupitia uzio, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, njoo polepole. Wametoa vichwa, wako wawili."