Maswali na Majibu: Jike wa Bata Mzinga Mwenye Ndevu, Nimpige au Nimwache?

Msimu wa machipuko wa bata mzinga mwitu umefunguliwa katika majimbo mengi ya Marekani, na barua zenu zimenijia kwa fujo. Nusu yake ni swali lile lile la kila Aprili, kwa hiyo naanza nalo tulimalize. Anayetaka kujua leseni inauzwa wapi au msimu wa kwao unafunguliwa lini, asome kijitabu cha idara ya wanyamapori ya jimbo lake. Kinatolewa bure. Hayo sijibu tena.

Shikamoo mzee. Nipo Louisville, Kentucky. Sheria ya huku inaruhusu dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana. Jumamosi alinipitia karibu kabisa jike mwenye ndevu, nikamwacha aende zake. Rafiki zangu wamenicheka mpaka leo. Nilikosea?

Marahaba. Hukukosea hata kidogo. Waliokucheka wameisoma sheria wakaishia katikati.

Sheria inataja ndevu, yaani zile nyuzi ngumu zinazoota kifuani mwa ndege, kwa sababu ya macho ya mwindaji. Ni alfajiri, ukungu haujainuka, umeegemea mti na ndege yuko nyuma ya vichaka. Idara zilitaka alama moja ambayo mtu ataiona kabla ya kufyatua, na askari wa wanyamapori ataishika kwa mkono baadaye. Madume karibu wote wanazo ndevu, majike wengi hawana, basi zikachaguliwa ndevu. Lengo zima lilikuwa kuwakinga majike. Yule mmoja mmoja mwenye ndevu ameingia humo kwa mlango wa nyuma, ili mtu aliyempiga akimdhania dume asimtupe porini kwa hofu ya faini. Ule ni msamaha, na watu wameufanya mwaliko.

Jiulize pia kwa nini machipuko ni msimu wa madume. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, na jike akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki nyingi, kiasi kwamba kupandwa mara moja kunaweza kutosha kwa mayai ya kiota kizima. Baada ya hapo dume hana kazi nyingine. Haatamii, halei, hata kiota hakijui kilipo. Ukimtoa, vifaranga wa mwaka huu hawapungui. Jike ndiye anayetaga mayai 10 hadi 12 chini kwenye majani, anayaatamia siku 28, kisha anahangaika na vifaranga ambao zaidi ya nusu yao kwa kawaida hawamalizi wiki mbili za kwanza. Mpige mwezi Mei na mayai yanapoa siku hiyo hiyo.

Sasa nisikuze mambo. Jike mmoja hatamaliza bata mzinga wa Kentucky, na majike wenye ndevu ni sehemu ndogo sana ya ndege wanaopigwa machipuko. Atakayekwambia umeponyesha kizazi kizima anakupamba tu. Lakini umemwacha ndege ambaye hukuwa na sababu ya kumuua, na mimi hilo linanitosha. Rafiki zako wakicheka tena, waulize mara ya mwisho kupiga ndege waliangalia kichwa chake au ndevu peke yake.

Wenyeji wa hapa Columbus, Ohio, wameniambia jike mwenye ndevu ni tasa, nusu dume nusu jike, na kumwondoa ni kuwasaidia wenzake. Ni kweli?

Uzushi. Tena uzushi mkongwe, ambao kila mwaka unampa mtu kisingizio kipya.

Jike mwenye ndevu si huntha wala si tasa. Anapandwa, anataga, anaatamia na kulea sawasawa na wenzake. Ndevu zenyewe ni nyuzi ngumu za jamii ya manyoya zinazoota kifuani na kuendelea kurefuka maisha yote. Ukizishika zina ugumu wa singa za mkia wa farasi. Madume huwa nazo nene, na kwa baadhi ya majike huota pia, nyembamba. Makadirio yanayotajwa sana ni jike 10 hadi 20 kwa kila 100, na hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Hao si wachache wa kuitwa vioja. Ukiwahesabu wote kuwa tasa, kuna majimbo ambayo yangeshaona pengo.

Najua uzushi huu unatufikiaje. Wengi wetu tumeshika bunduki ya marisau ukubwani, tena ugenini. Aliyetoka Kenya alikuta uwindaji wa starehe umeshapigwa marufuku tangu 1977, hivyo mwalimu wake wa kwanza wa porini ni jirani Mmarekani mwenye gari la pikapu. Jirani huyo akiwa mjuzi, mnapona. Akiwa mpiga soga, mnarithi soga zake pamoja na bunduki zake kuukuu. Mheshimu jirani, na kijitabu cha jimbo kisome mwenyewe.

Na sisi wa Georgia?

Kwenu ni dume tu. Jike hata awe na ndevu zinazoburura chini, ukimpiga umevunja sheria. Alabama vivyo hivyo. Na kumbuka Georgia ilipunguza kiwango mwaka 2022, kutoka ndege 3 hadi 2 kwa msimu, ikachelewesha na siku ya kufungua, kwa kuwa ndege wanapungua. Kama bado unawinda kwa kumbukumbu za mwaka 2019, utakutana na hakimu.

Niko Erie, Pennsylvania. Nimeona dume mkubwa kabisa, anatandaza mkia na kunguruma, lakini kifuani hana hata unyuzi. Naruhusiwa?

Hapana. Pennsylvania wakati wa machipuko wanasema ndege mwenye ndevu, na wako hana. Ndevu hukatika, nyingine hugandiwa na barafu majira ya baridi zikanyofoka. Ungekuwa katika jimbo linalosema "dume au mwenye ndevu", ungempiga. Sheria ya ndevu inakata pande zote mbili: inamruhusu jike mwenye ndevu na kumwokoa dume asiye nazo. New York ni hivyo hivyo. Mwache angurume.

Mzee, wanakuja kundi, wanatembea haraka, na mimi mkono unatetemeka. Namtambuaje dume kwa upesi bila kukosea? (Dallas, Texas)

Hili ndilo swali nililotaka niulizwe badala ya lile la kwanza.

Anza na kichwa, ndevu ziwe za mwisho. Kichwa cha dume hakina manyoya, na machipuko kina rangi nyekundu, nyeupe na bluu zinazobadilika mbele ya macho yako. Akipandwa na mori, utosi unakuwa mweupe pe. Juu ya mdomo wake kuna kinyama kirefu kinachoning'inia upande. Kichwa cha jike ni cha kijivu kinachoelekea bluu, kidogo, na vinyoya vyembamba vimepanda kisogoni mpaka karibu na utosi. Hata kwenye mwanga hafifu, kichwa cha jike hakikuiti. Cha dume kinakuita.

Kisha shuka kifuani. Manyoya ya kifua cha dume yana ncha nyeusi, hivyo kwa mbali kifua chote ni cheusi na kinang'aa. Ya jike yana ncha za hudhurungi, na mwili mzima unaonekana umepauka. Halafu umbo: dume aliyekomaa ana kilo 8 na kuendelea, jike ni 4 au 5. Wakisimama pamoja hakuna ubishi.

Mahali pa kuponzwa ni kwa dume mchanga wa mwaka mmoja. Naye ndevu zake ni fupi, inchi tatu au nne, sawa na za jike fulani. Hapo ndevu hazikwambii kitu, rudi kichwani. Akitandaza mkia utaona manyoya ya katikati yamezidi ya pembeni urefu. Kwa dume mkomavu mkia umelingana ukingo wote.

Na kwa kuwa umesema kundi: bunduki ya marisau hutawanya. Umempata dume wako, sawa, lakini nyuma yake amesimama nani? Subiri shingo yake ibaki peke yake. Nimeona mtu mzima akiokota ndege watatu kwa risasi moja huku leseni yake inasema mmoja, na wawili kati yao walikuwa majike. Huko kutetemeka kwa mkono unakokusema ndiko kunakopiga wasiokusudiwa. Mkono ukitetemeka, iweke bunduki magotini, upumue. Akienda ameenda, kesho yupo.

Kwa kuwa uko Texas: katika kaunti zenye bata mzinga wa jamii ya Rio Grande, jike mwenye ndevu anaruhusiwa machipuko. Kaunti za mashariki ni dume tu. Usinukuu sheria ya binamu yako wa kaunti nyingine.

Naruhusiwa kumwaga mahindi ili waje?

Majimbo mengi, hapana. Kaunti nyingi za Texas, ndiyo. Soma kijitabu.

Mume wangu ameanza kuwinda bata mzinga hapa Iowa. Nimemnunulia kofia nyekundu ili wenzake wasimdhanie ndege. Nimefanya vizuri?

Dada yangu, ichukue hiyo kofia leo, kabla hajaenda kulala.

Nyekundu, nyeupe na bluu ni rangi za kichwa cha dume, na huko porini kuna mtu aliyekaa tangu alfajiri akizisubiri rangi hizo tu. Aliyechoka kusubiri akiona kitu chekundu kinasogea nyuma ya vichaka, akili yake inammalizia ndege mzima. Rangi nyeusi pia haifai kwa mavazi ya nje. Mnunulie nguo za mabaka za kichwa hadi miguu, na kizibao cha rangi ya chungwa kali cha kuvaa akitembea kwenda na kurudi. Akikaa, aegemee mti mpana kuliko mabega yake. Akimwona mtu anakuja asimpungie mkono wala asiigize sauti ya ndege. Apaze sauti ya kawaida ya binadamu, aseme yupo. Na sauti ya dume akiisikia asiinyatie, kwa sababu huenda anayeitoa ni mwindaji mwingine mwenye kifaa cha kuitia.

Hukuniuliza, lakini nasema: kuna mtindo wa vijana kujificha nyuma ya mkia wa dume uliotandazwa na kutambaa nao uwanjani. Video zake zinapendeza sana. Mtu anayejivika umbo la windo mahali palipojaa bunduki anamtafutia mkewe ujane. Mwambie mumeo hivyo, na useme nimesema mimi.

Kansas City, Missouri. Nimempiga jike mwenye ndevu nikidhani ni dume. Rafiki yangu anasema niripoti kama dume, nisije nikaonekana mjinga. Ushauri?

Ripoti ulichopiga. Kwenu jike mwenye ndevu zinazoonekana ni halali machipuko, huna kosa la kuficha. Missouri wanataka taarifa siku hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku, na kwa kuwa ni kosa kumnyonyoa ndege ukapoteza ushahidi, ndevu zibaki mwilini hadi umalize taarifa. Wataalamu wa idara wanakadiria ndege waliobaki kwa kutumia taarifa zenu hizi. Ukiandika dume kumbe jike, umewapunguzia jike mmoja asiyeonekana popote kwenye hesabu zao. Fanyeni hivyo watu wengi, halafu msimu ukifupishwa mseme serikali inaonea.

Ndege hawa walikuwa karibu kutoweka nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Waliopo leo ni matunda ya miongo ya kunaswa kwa nyavu na kuhamishwa jimbo hadi jimbo, kazi iliyolipiwa kwa sehemu kubwa na leseni za wawindaji na kodi ya bunduki na risasi ya sheria ya 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifika karibu milioni 7. Tangu hapo, sehemu nyingi wameshuka. Kwa hiyo andika jike.

Na kuonekana mjinga kwa nani? Asiyewahi kumkosea ndege kwa macho ni yule asiyewinda. Safari ijayo angalia kichwa.

Mimi ni Mwislamu, niko Minneapolis. Nikisema bismillahi wakati wa kufyatua, ndege ni halali akifa kabla sijamfikia?

Umemwuliza mwindaji, na hili ni la shehe. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu risasi, na marisau yana mjadala wake. Wasilohitilafiana ni hili: ukimkuta hai, mchinje. Nenda na kisu kikali, basi, na umfikie haraka. Hata asiye Mwislamu afanye vivyo hivyo. Ndege asiachwe akipapatika huku mtu anatafuta simu apige picha.

Wanasema nyama ya jike ni laini kuliko ya dume. Si sababu tosha ya kumpiga?

Ni laini zaidi, kweli. Na majimbo kadhaa yana msimu wa vuli unaoruhusu jike, mwenye ndevu au asiye nazo, wakati vifaranga wameshakua. Subiri huo kama meno ndiyo yanayokuongoza.

Dume mkongwe anapikika, tatizo ni papara zenu. Tenga kifua na miguu. Kifua kikate vipande vyembamba na kipike haraka, kikizidi moto kinakauka. Miguu na mapaja ina mishipa migumu kama waya. Chemsha moto mdogo saa tatu au zaidi na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, chambua nyama utoe mishipa yote, kisha ndipo utie tui zito na uipake. Kabla ya tui, pitisha vidole kila kipande utafute marisau. Daktari wa meno nchi hii ni ghali kuliko leseni ya msimu mzima.