Nilinunua Mashine ya Kukatia, Oda Zikazidi Kuchelewa

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimepandishwa cheo kazini, nasimamia uendeshaji. Sikusomea haya mambo. Nianze na kozi ipi?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu, mara nikajikuta niko ukurasa wa pili, tena naandika kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nikafuta yote. Bora niyaseme hapa, maana najua mnaonisoma wengi mnataka kitu kile kile: biashara iende hata siku ambayo mwenyewe hupo.

Mdogo wangu, usianze na kozi. Anza na aibu yangu.

Nilikuwa na karakana ya kushona mashati ya sare. Mafundi sita wa cherehani, mkataji mmoja, mama mmoja wa matundu na vifungo, na kijana wa kupiga pasi na kufungasha. Oda zilikuwa zinachelewa kidogo, siku mbili tatu, na mimi nilishajua mchawi ni nani: mkataji na mkasi wake. Kila nikiingia namkuta ameinama na chaki mezani, wenzake wawili wanamsubiri. Nikakopa, nikanunua mashine ya umeme ya kukatia. Nilipiga picha nikaisambaza kwa kila ninayemfahamu. Tukatoka kukata mashati 45 kwa siku tukafika 60, na siku hiyo nilijiona meneja hasa.

Baada ya mwezi, karakana haikupitika. Mafungu kwenye viti, mafungu chini ya meza, mafungu mlangoni. Mafundi wote wanahema kwa kazi, hakuna aliyekaa bure, na mimi nikisimama katikati nilifurahi kuona watu wako bize vile. Ila oda sasa zilichelewa wiki nzima. Nilimfokea mama wa vifungo mbele ya watu, mara mbili. Hilo bado linaniuma kuliko deni.

Mteja wangu mkubwa, aliyenipa karibu nusu ya kazi zote, hakugombana na mimi. Alituma kijana kuja kuchukua kitambaa chake kilichobaki. Kijana akahesabu majora, akasaini, akaondoka. Nilipiga simu kwa siku kadhaa, haikupokelewa. Mpaka leo nikiliona gari linalofanana na lake nageuza shingo.

Miezi ya kujisomea iliyofuata siisimulii, haina utamu. Nitasema tu kilichonifungua macho. Jioni moja nilibana kikaratasi kwenye kola ya shati moja, nikamwambia kila atakayeligusa aandike saa aliyolishika na saa aliyoliachia. Shati lilitoka siku ya 15. Nikajumlisha muda ambao mkono wa mtu ulikuwa juu yake: haukufika saa mbili. Siku zilizobaki zote lilikuwa limelala kwenye fungu likisubiri zamu yake, na sehemu kubwa lilisubiri mbele ya yule mama niliyemfokea.

Yeye alikuwa na mashine moja ya matundu, na vifungo alishona kwa mkono. Akijitahidi sana, mashati 40 kwa siku. Sasa piga hesabu. Naingiza 60, yanatoka 40. Kila siku 20 yanabaki ndani. Siku 25 za kazi, mashati 500, ongeza yale 100 yaliyokuwepo tangu mwanzo: 600 sakafuni. Ukigawa 600 kwa 40 unapata siku 15, zile zile za kikaratasi changu. Na mimi nilikuwa nawaahidi wateja siku 7.

Hesabu hii si yangu. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyo ndani ya mfumo, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia na kutoka ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Iwe mashati, mafaili au wagonjwa kwenye benchi, hesabu ni hiyo. Kuzidisha na kugawanya tu, na mimi niliwahi kulipia semina mbili za uongozi ambazo hakuna aliyenitajia.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: hesabu kabla ya kununua. Tafuta mahali panapokaba. Kwenye kazi yoyote yenye hatua zinazofuatana, hatua moja ndiyo inayoamua vingapi vitatoka mlangoni, na ukiongeza kasi kabla ya hapo unaongeza mrundikano tu. Watu wanapenda kumtaja Henry Ford, yule Mmarekani wa magari, na laini ya kuunganishia magari ya kiwanda chake cha Highland Park ya mwaka 1913, jinsi kuunganisha chasisi kulivyotoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Wanachosahau ni kwamba laini ile ilimlazimu kila mtu kwenda kwa mwendo mmoja. Asingeweza mmoja kukimbia peke yake akajirundikia ushindi, kama nilivyofanya mimi na mashine yangu.

Halafu kuna hili la watu kuwa bize muda wote, ambalo nililiabudu. Chukua foleni ya mhudumu mmoja, kazi zinakuja bila mpangilio na urefu wake haulingani. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, kwa kanuni ya kawaida ya foleni utakuta kazi 4 kwake kwa wastani. Mfikishe asilimia 90, zinakuwa 9. Asilimia 95, ni 19. Nafasi kidogo ya kupumua ndiyo inayofanya foleni isogee, na ninyi mabosi mnaomwona fundi amekaa dakika tano mnamtafutia ufagio, nawasema ninyi. Nilikuwa mmoja wenu.

Taiichi Ohno wa Toyota aliorodhesha upotevu wa aina saba: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kuhamishahamisha vitu, kufanya kazi zaidi ya inayotakiwa, kurundika mali, mizunguko ya bure ya mwili, na kasoro. Kwa Kijapani upotevu unaitwa "muda". Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Mimi nilikuwa nao wote saba chini ya paa moja, na huo wa kuzalisha kupita mahitaji nilikuwa nimeukopea.

Nilichofanya ni kidogo mno, hata naona haya kukiita mkakati. Nilimtoa fundi mmoja kwenye cherehani nikampeleka kusaidia vifungo, tukafika 55 kwa siku. Nikamwambia mkataji asikate zaidi ya 55. Mafungu ya mashati mia nikayafanya ya ishirini ishirini, ili shati la kwanza lisingoje wenzake 99 ndipo lisogee. Na nikaweka kikomo: yakifika 220 ndani, hakuna kukata. Gawa mwenyewe kwa 55, ni siku 4. Wiki iliyopita nilimaliza oda siku moja kabla ya ahadi, mteja akauliza kama nimekosea tarehe. Nilijibu kwa upole, lakini moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Mama wa vifungo nilimwomba radhi, mbele ya watu wale wale. Alisema, "Nilikwambia mwanangu, ukaniambia nishone." Kweli aliniambia.

Basi mdogo wangu, kesho chukua faili moja, lifuate na kalamu tangu linapoingia mpaka linapotoka. Kozi utaitafuta baadaye, ukishajua unaulizia nini.

Mashine ya kukatia bado ipo, deni lake nimelimaliza mwaka huu. Kila siku inamaliza mashati yake 55 mapema kidogo, tunaizima. Wageni hushangaa kuona mashine nzuri namna ile imefunikwa kitambaa kabla ya saa ya kufunga kazi, na mkataji amekaa pembeni kwa mama, anamtungia uzi kwenye sindano.