Kompyuta Iko Ofisini, Mwenyewe Uko Nyumbani: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Mengine nimeyaunganisha, maana mliandika jambo lilelile kwa herufi tofauti.

Nimefungua poti 3389 (mlango wa mtandao) kwenye ruta ya ofisi ili niingie na Remote Desktop (programu ya Windows ya kutumia kompyuta kutoka mbali) nikiwa nyumbani. Mwaka mzima sijapata tatizo. Kuna ubaya gani? — Mhasibu, Morogoro

Ifunge kwanza, halafu urudi tuendelee.

Umeifunga? Sasa fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nenda kwenye kumbukumbu za Security, chuja namba 4625. Hizo ni mara ambazo mtu alijaribu kuingia akakataliwa. Mteja wangu mmoja aliniambia hivyohivyo, kwamba hajapata tatizo. Tulipofungua orodha, skrini ilijaa: Administrator, admin, user, test, kisha Administrator tena, kila baada ya sekunde chache, usiku kucha, mpaka saa tisa za usiku ofisi ikiwa na popo tu. Alinyamaza, akaniuliza kama hao wote wanamjua. Hawamjui. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila mlango, na wa kwako uliitikia.

Wala usiniambie nywila yako ni ngumu. Mei 2019 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba, cha kasoro iliyokuja kuitwa BlueKeep. Mshambuliaji hakuhitaji nywila yoyote. Ilitosha aifikie Remote Desktop ya Windows 7 au ya zamani zaidi. Waliogopa kiasi cha kutoa kiraka hata kwa Windows XP, waliyokuwa wameacha kuihudumia tangu 2014.

Njia sahihi: weka VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi, kwenye ruta au kwenye kompyuta ndogo ya ofisi (programu ya WireGuard inatosha na haina makuu), uingie humo kwanza, ndipo ufungue Remote Desktop kana kwamba umekaa kwenye meza yako. Ila VPN nayo si hirizi. Mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial Pipeline kule Marekani lilisimama siku kadhaa kwa sababu ya akaunti moja ya VPN iliyosahaulika, nywila yake imevuja, na haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Aliyeacha kazi, akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo, si mpaka bosi akumbuke.

Nikiibadilisha poti iwe 3390 je?

Umehamisha mlango kutoka mbele ya nyumba kwenda ubavuni. Mwizi anazunguka nyumba.

Kompyuta yangu ina Windows 11 Home. Sioni pa kuwasha Remote Desktop.

Haipo. Home inaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, yenyewe haiingiliwi, unahitaji Pro. Na vile viprogramu vya kulazimisha, unavyoshusha kwenye tovuti zisizojulikana, mimi sivigusi.

Nikiwa ofisini naandika 192.168.1.20 naingia. Nikifika nyumbani naandika hiyohiyo haikubali. Nimeibiwa na fundi? — Watu sita

Sita! Anwani inayoanza na 192.168 ni ya ndani ya jengo. Ni sawa na kumwambia dereva wa bodaboda akupeleke "chumba namba nne" bila kumtajia nyumba wala mtaa. Inawezekana hata nyumbani kwako kuna 192.168.1.20, nayo ni televisheni ya mwanao. Fundi hana kosa. Rudi swali la kwanza, soma pale penye VPN.

Ofisi yetu inatumia ruta ya laini ya simu. Nimefuata maelekezo yote ya kufungua poti, hakuna kinachopita. — Mwalimu, Kigoma

Hakitapita, na safari hii kosa si lako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa na mtandao. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, au na 10, ujue mtoa huduma amewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Poti umeifungua kwenye ruta yako, lakini kuna geti jingine mbele ambalo funguo zake anazo yeye.

Dawa ni kuziacha kompyuta zote mbili zipige simu nje zenyewe na kukutana mahali. Ukipenda kujenga mwenyewe, kodi seva ndogo yenye anwani ya nje, uweke WireGuard hapo, ofisi na nyumbani viunganike nayo. Usipopenda, huduma ya Tailscale inafanya kazi hiyo karibu bila usumbufu. Angalia bando tu. Ukiacha skrini ya mbali wazi huku video inacheza upande wa pili, usije kunilalamikia.

Alinipigia mtu akasema ni wa benki, kuna muamala wa ajabu kwenye akaunti yangu, niweke AnyDesk kwenye simu nimsomee namba inayotokea. Nilimsomea, kisha nikaogopa nikazima simu. Nifanyeje? — Mama wa Tanga

Pole sana, mama, na umefanya vizuri kuizima. Chukua simu ya mtu mwingine, uwapigie benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, wazuie akaunti. Usitumie namba aliyokupa huyo. Kisha badilisha nywila na PIN ukitumia kifaa kingine. Ile simu usiiunganishe na intaneti mpaka programu itolewe. Ikiwezekana ifutwe kabisa.

AnyDesk yenyewe ni chombo halali, hata mimi nimeitumia kwa wateja. Lakini ukimsomea mtu ile namba na kumkubalia, anaona unachokiona, pamoja na ujumbe wa benki wenye namba za uthibitisho. Benki haina haja ya kuitazama skrini yako. Akaunti yako wanayo kwao. Waambieni wazazi wenu hili mezani, leo, kabla hamjaniandikia kuhusu kasi ya VNC, ile njia nyingine ya kutumia kompyuta ya mbali.

VNC yangu ni nzito sana.

Punguza rangi na ukubwa wa skrini, ondoa picha ya nyuma. Ikiwa ni Windows kwa Windows, tumia Remote Desktop, ni nyepesi zaidi. Na ujue kwamba VNC ya kizamani inasoma herufi nane tu za nywila. Zile ishirini ulizojivunia, kumi na mbili hazina kazi.

Umeme ukikatika ofisini kompyuta haiwaki tena mpaka mtu aende. — Duka la vifaa, Singida

Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), tafuta mpangilio wa umeme unaporudi, weka iwake yenyewe. Zima pia usingizi wa Windows. Wake-on-LAN, yaani kuiwasha kompyuta kwa ujumbe wa mtandao, ni nzuri, ila inataka waya wa mtandao na kifaa kingine ndani ya jengo cha kutuma ule ujumbe.

Kwenye Linux, SSH inatosha?

SSH ni njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa amri za maandishi. Inatosha, ukizima nywila na kutumia funguo, yaani mafaili maalumu ya kuingilia. Tatu Ylönen aliiandika Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, kwa hiyo kuirudisha kwenye nywila dhaifu ni kumvunjia heshima.

Ila unapogusa faiwoli, ile kinga inayochuja mawasiliano, acha dirisha la kwanza wazi, ujaribu kuingia na la pili. Mimi niliwahi kuandika `ufw enable`, amri ya kuiwasha, kwenye mashine iliyoko Kibaha kabla ya kuruhusu SSH. Dirisha langu likabaki hai, nikajiona bingwa, nikatoka. Kurudi, kimya. Jumamosi ile nilipanda basi Mbezi nikiwa na kibodi kwenye mfuko wa rambo, nikafika nikaambiwa mwenye funguo za ofisi yuko harusini.