Vijiti au vipunje?

Swali: Mhariri, mjomba wangu yuko Texas hujijazia mwenyewe risasi za kuwindia kulungu, juzi kwa video kanionyesha vikopo viwili vya baruti, kimoja vijiti kama tambi zilokatwa chengine vipunje vya mviringo, sasa tofauti nini? – Msomaji, Shela, Malindi

Jibu: Vipunje humiminika kwenye kipimo kama mtama, vijiti hukwama hadi uskie "krak" vikikatika, kero tupu. Lakini anaewinda juani wengi huchagua vijiti aina ya H4350 kwasababu joto haliibadilishi sana, baruti nyingine ikipata joto presha ndani ya bunduki yapanda na kasi ya risasi pia. Kipimo afuate kitabu cha mtengenezaji bwana, sio kukisia kama chumvi ya mchuzi! Nawe usitamani, kuwinda wanyama Kenya kumepigwa marufuku tangu 1977.