Usiamini neno "akriliki": uliza rangi imechanganywa na nini

Wewe unayeanza kupaka rangi modeli za plastiki, neno litakalokusumbua mapema kuliko yote ni akriliki. Utalikuta kwenye chupa za Vallejo, utalikuta kwenye chupa za Tamiya za mfululizo wa X na XF, na ukichunguza rangi za laka kama Mr. Color utakuta nazo zina rezini ya akriliki ndani. Neno ni hilohilo, lakini rangi hizi tatu hazina tabia moja.

Kila rangi ina unga wa rangi, rezini ya kuushikisha kwenye plastiki, na kimiminika cha kuvibeba vyote viwili mpaka kikauke. Akriliki ni jina la rezini tu. Thina, yaani kimiminika cha kuifanya rangi iwe nyepesi, haichaguliwi kwa kufuata rezini, inachaguliwa kwa kufuata kimiminika. Vallejo hubebwa na maji. Tamiya X na XF hubebwa zaidi na spiriti. Laka hubebwa na viyeyusho vikali.

Hili nililijua baada ya kuharibu. Nilimimina thina ya spiriti kwenye rangi ya maji, nikiamini kwamba zote ni akriliki basi zitapatana. Haikupita dakika, rangi ikakatika ndani ya kikombe cha brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi, kama maziwa yaliyochacha, ikawa mabonge na nyuzi za mpira. Nilipochomoa sindano, ncha ilikuwa imevikwa ute mzito, na tundu la mbele nililisafisha jioni nzima. Tangu siku hiyo, rangi nisiyoizoea naijaribu kwanza nje ya kikombe: tone la rangi, tone la thina, nakoroga kwa kijiti na kusubiri kidogo. Ikibaki laini bila chembechembe, naendelea.

Tamiya X na XF ndizo zenye uvumilivu zaidi. Zinakubali thina yake ya X-20A, zinakubali spiriti ya isopropili, na zinakubali hata thina ya laka. Mimi huzichanganya na Mr. Color Leveling Thinner, kwa sababu ina kichelewesho kinachoifanya rangi ikauke polepole na kujisawazisha yenyewe. Ila kwa brashi ya mkono zinasumbua, maana mkupuo wa pili unalainisha wa kwanza na kuukokota. Kwa kazi ya mkono, nyuso za sanamu kwa mfano, chukua rangi ya maji.

Kuhusu vipimo, anza na nusu kwa nusu kwa Tamiya, na kwa laka ongeza thina hadi ifike karibu mara 2 ya rangi. Vallejo Model Air imeshapunguzwa kiwandani, mara nyingi matone machache yanatosha. Lakini jicho lako lina neno zaidi ya kipimo. Pandisha rangi kwenye ukuta wa kikombe kwa kijiti uitazame inavyoteremka: iteremke kama maziwa, ikiacha utando mwembamba nyuma yake. Kwa sindano ya milimita 0.3, presha ya hewa ya psi 15 hadi 20 inatosha. Uso ukitoka na vumbivumbi, rangi inakauka hewani kabla ya kufika. Sogea karibu au ongeza thina.

Laka naipenda kwa brashi ya hewa, sikufichi. Inaing'ata plastiki, inakauka haraka, na kwa kuwa thina yake huiyeyusha tena, ukipiga msasa penye kasoro na kupuliza upya, kiraka hakionekani. Kung'ata huko ndiko kunakotaka adabu. Ukiimwaga nyingi kwenye plastiki tupu, inakula mistari midogo. Anza na mikupuo miwili mitatu myepesi. Usiipulize juu ya enameli, ile rangi ya mafuta, itakunjamana. Juu ya laka iliyokauka, enameli ya kutia kivuli kwenye mifereji unaweza kuipaka na kuifuta bila wasiwasi.

Rangi ya maji, kinyume chake, haishiki vizuri plastiki tupu. Weka kwanza praima, yaani rangi ya msingi ya kuishikisha, na ukishapaka uipe rangi siku nzima kabla ya kubandika utepe wa kuziba sehemu usizotaka kupaka, la sivyo utepe utaondoka nayo.

Hapa nakuomba unisikilize sana. Mvuke wa laka haukamatwi na barakoa ya karatasi. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa kemikali, na feni inayotoa hewa nje ya nyumba. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, ama haijakaa sawasawa usoni ama vichujio vimekwisha. Moto usiwe karibu kabisa. Na rangi ya maji nayo, ikipulizwa, ni ukungu unaoingia mapafuni, vaa barakoa. Kama chumba chako hakina njia ya kutoa hewa, achana na laka kwa sasa.

Kabla ya kugusa modeli, puliza kijiko cha plastiki. Mgongo wake una mviringo kama wa bawa au boneti, unaonyesha kila kosa. Mimi vyangu navihifadhi, na kwenye kila mpini nimeandika rangi, thina, kipimo na presha.